Unga Unaobeba Taa Yake

Usiku wa Februari, Nairobi au Nakuru, zima taa kisha vua sweta ya nailoni. Utaisikia ikitatarika karibu na masikio, na giza likiwa totoro utaziona na cheche zenyewe, vidoti vya samawati vinavyozaliwa na kufa kabla hujavihesabu. Sasa ichukue sweta hiyohiyo, shuka nayo Mombasa, uivue huko. Kimya. Haitatariki wala haing'ari, na jasho litakuuliza kwa nini uliibeba.

Sweta haikubadilika, wala mikono iliyoivua. Kilichobadilika ni maji yaliyomo hewani. Sura hii inahusu maji hayo na kazi yanayoifanya mahali ambapo wengi hatuyatarajii: ndani ya mabomba, machekecho na maghala ambamo unga hutiririka. Nasema unga kwa maana pana ambayo Kiswahili kimetupa bure. Sembe ni unga, baruti ni unga, salfa iliyosagwa ni unga, na dawa kabla haijashindiliwa kuwa kidonge ni unga. Wenye lugha nyingine hulazimika kugawa vitu hivyo kwa maneno mawili matatu. Sisi tuna neno moja, na fizikia iko upande wetu, kwa sababu cheche haiulizi kama unga huu unaliwa au hauliwi.

Twende kwanza Turin, kaskazini mwa Italia, jioni ya tarehe 14 Desemba 1785. Mwoka mikate mmoja, Giacomelli, alikuwa na duka lililotazama barabara, na juu ya chumba cha nyuma alikuwa na ghala la unga wa ngano. Kijana wa kazi alikuwa ghalani akichimbachimba unga ili uporomoke hadi chumba cha chini, lilikokuwa chekecho. Alichimba kupita kiasi. Rundo kubwa likaporomoka kwa mpigo mmoja, wingu zito likatanda, na ukutani palikuwa na taa inayowaka. Madirisha ya duka yakarushwa barabarani pamoja na fremu zake. Mlio ulisikika mbali. Kijana aliungua uso na mikono. Mwenzake aliyekuwa juu ya jukwaa aliruka kwa hofu akavunjika mguu.

Tunayajua haya kwa sababu kabaila mmoja wa mji huo aliyependa sayansi, Morozzo, alikwenda kuangalia, akauliza maswali, akaandika ripoti. Ni miongoni mwa ripoti za kwanza kabisa za kisayansi kuhusu mlipuko wa vumbi, na bado inasomwa. Jambo moja ndani yake ndilo lililonifanya niiweke mwanzoni. Morozzo alitaja kwamba Piedmont, jimbo la Turin, lilikuwa halijapata mvua kwa miezi mitano au sita, na kwamba mwoka mikate mwenyewe alimwambia hajawahi kuwa na unga mkavu kama wa mwaka ule.

Ukavu ulifanya nini pale? Kwanza uliufanya unga uwe mwepesi wa kuporomoka na kutawanyika. Unga wenye maji kidogo hushikana, huganda mabonge, huanguka chini kama tope. Mkavu hupanda kama moshi. Pili, ulipunguza maji ambayo moto ungelazimika kuyachemsha kabla ya kuila chembe yenyewe. Kwa Giacomelli hayo mawili yalitosha, maana moto ulikuwa tayari ukutani. Siku hizi hakuna msimamizi atakayeruhusu taa ya moto ghalani. Lakini ukavu una kazi ya tatu, ambayo Turin hawakuihitaji: unga ukiwa mkavu vya kutosha, na ukienda mbio vya kutosha, huweza kuja na taa yake.

Bibi zetu waliovaa shanga za kaharabu walikuwa wamevaa nusu ya maelezo shingoni bila kuambiwa. Kaharabu ni utomvu wa kale wa miti uliogeuka kama jiwe, na jina lenyewe limetufikia kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni kinyakua-majani. Isugue kaharabu kwenye kitambaa cha sufu, isogeze karibu na kipande cha jani kikavu, kitarukia. Waarabu walipohitaji neno la umeme walilichukua jina hilohilo, ndiyo maana Mswahili aliyeko Maskati hulipa bili ya kahrabaa kila mwezi. Sisi tuliitazama radi tukasema umeme, na Wakenya wengine wakaitazama mashine ya mvuke wakasema stima. Kila mtu alishika sehemu yake ya tembo.

Kinachotokea kaharabu inaposuguliwa hutokea pia punje ya unga inapogonga ukuta wa bomba. Vitu viwili vinagusana, chaji kidogo inahama kutoka kimoja kwenda kingine, vinaachana, na kila kimoja kinaondoka na sehemu isiyo yake: kimoja chaji hasi, kingine chaji chanya. Punje moja ikigonga mara moja, ni kitu cha kusahaulika. Lakini punje za unga hazigongi mara moja, na wala si moja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba, tukumbuke, ni kipimo cha nafaka.

Ajabu ni kwamba hata ukuta hauhitajiki. Punje za kitu kilekile, sukari kwa sukari au mchanga kwa mchanga, zikisuguana zenyewe hupata chaji pia, na mara nyingi ndogo huondoka na chaji hasi, kubwa na chanya. Ukitafuta maelezo ya kwa nini iwe hivyo, utakuta wataalamu bado wanabishana, miaka zaidi ya 2,500 tangu Wagiriki waanze kuzungumzia kaharabu. Kati ya yote niliyosoma kwa ajili ya kitabu hiki, hili limenifurahisha kuliko mengi. Jambo linalotokea kwenye chekecho la jikoni halijapata maelezo yanayokubaliwa na wote.

Mwendo ndio unaoamua ukubwa wa hesabu. Unga unaochekechwa taratibu hupata chaji ndogo sana kwa kila kilo. Unga unaosukumwa kwa hewa bombani, kama viwanda vikubwa vinavyofanya badala ya kubebesha watu magunia, huweza kupata mara maelfu, hata mamilioni, ya kiasi hicho. Bomba hilo, hata likiwa limetulia kimya kwenye dari la kiwanda, ni mashine ya kuzalisha umeme ambayo hakuna aliyeiagiza.

Hili lilionwa kwanza kwa njia ya kuchekesha. Mwaka 1840, huko Seghill karibu na Newcastle, Uingereza, mtu aliyekuwa akihudumia injini ya mvuke aliingiza mkono mmoja kwenye mvuke uliokuwa ukivuja, akapeleka mwingine kwenye wenzo wa vali. Cheche ikamrukia. Habari zilimfikia William Armstrong, wakili wa Newcastle aliyependa sayansi, naye akamwandikia mwanasayansi Michael Faraday, na watu wengi wakadhani siri imegunduliwa: maji yakigeuka mvuke huzaa umeme. Faraday hakuridhika. Katika utafiti alioutoa mwaka 1843 alionyesha kwamba mvuke wenyewe hauna hatia; ni matone madogo ya maji yaliyochanganyika nao yanayosugua mdomo wa bomba. Kisha akaacha mvuke, akachukua hewa iliyogandamizwa. Hewa kavu ikapita bila kuzaa chochote. Hewa yenye unyevu, ambayo ikipanuka hupoa na kutonesha matone, ikazaa umeme. Halafu akarudi kwenye hewa kavu, akatia ndani yake unga mkavu, salfa na wenzake, na umeme ukarudi.

Nimelitafakari jaribio hili mara nyingi kwa sababu linaharibu wazo rahisi. Tumezoea kusema unyevu unaua umemetuli, yaani umeme huu wa kusuguana, na ukavu unaulea. Kwa Faraday unyevu ndio ulioleta umeme kwenye hewa, kwa kuwa uligeuka matone, na tone ni punje kama punje nyingine. Maji hayana upande. Ukitaka kujua yatafanya nini, uliza kwanza yako wapi.

Na hapo kuna kosa ambalo nimelikuta hata kwa mafundi wazuri. Wanasema hewa yenye unyevu hupitisha umeme, kwa hiyo chaji huvujia hewani. Sivyo. Mvuke wa maji uliotawanyika hewani ni kihami kama hewa yenyewe. Kinachopitisha ni utando wa maji unaojilaza juu ya vitu. Kila kitu kilichoko chumbani, kioo, karatasi, punje ya wanga, kimevaa nguo nyembamba ya molekuli za maji, nyembamba kiasi kwamba mkono hauhisi na jicho halioni. Hewa ikiwa kavu nguo hiyo huwa na matobo, molekuli chache hapa, chache pale, hakuna njia inayopita kutoka upande huu hadi ule. Hewa ikilowa, matobo yanaziba, na chumvi chache na uchafu wa juu ya kitu huyeyuka ndani ya utando huo na kuwa vibeba-chaji. Ghafla kuna njia. Ni kama madimbwi ya masika: hesabu ya maji haikuongezeka sana kati ya jana na leo, ila leo yamekutana.

Kwa sadfa inayonipendeza, mwaka uleule wa mlipuko wa Turin, 1785, Charles-Augustin de Coulomb huko Ufaransa alikuwa akipima jambo hili hasa. Tunamkumbuka kwa kanuni ya nguvu kati ya chaji mbili, lakini andiko lake la tatu la mwaka huo lilihusu kitu kisicho na fahari: kitu chenye chaji kikiachwa peke yake hupoteza kiasi gani kwa muda fulani, hewa ikiwa na unyevu zaidi au kidogo, na nguzo zinazokishikilia zikiwa vihami bora au hafifu. Hewa na nguzo. Aliona njia zote mbili. Sidhani aliwahi kumfikiria mwoka mikate wa Turin, lakini alikuwa akilijibu swali lake.

Kwa unga wa vyakula na vitu vinavyopenda maji, wanaoshughulika nao hutumia mipaka ya jumla. Unyevuanga ukiwa juu ya asilimia 60 hadi 65, chaji nyingi huvuja karibu kwa kasi inavyozaliwa. Ukishuka chini ya asilimia 30, chaji hukaa, na kila kitu huanza kung'ang'ania: unga kwenye kuta za faneli, vumbi kwenye mikono, karatasi kwenye karatasi. Katikati hapo ni eneo la ubishi.

Lakini asilimia hizi ni kipimo chenye hila. Hazisemi hewa ina maji kiasi gani. Zinasema ina sehemu gani ya maji ambayo ingeweza kuyabeba katika joto hilo. Hewa ya nyuzi 0 iliyoshiba kabisa hubeba gramu 4.8 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Iingize ndani ya nyumba, ipashe hadi nyuzi 20, ambako ingeweza kubeba gramu 17.3, na hewa iliyokuwa asilimia 100 sasa ni asilimia 28. Hakuna tone lililotolewa. Ndiyo maana ndugu zetu walioko Toronto au Stockholm huogopa kushika kitasa cha mlango mwezi wa Januari, huku nje theluji imejaa, yaani maji tele.

Ukiyashika hayo utaona kwa nini kiwanda cha Pwani hakiwezi kujitetea kwa hali ya hewa. Chukua hewa ya Tanga, nyuzi 30, unyevuanga asilimia 80, hewa ambayo shati hugandia mgongoni. Ipulizwe na mashine inayoipasha moto hadi nyuzi 60 bila kuongeza maji: imeshuka chini ya asilimia 20. Au ipitishe kwenye kompresa, igandamizwe mara saba, ipozwe, maji yaliyotona yamwagwe, kisha iachiwe ipanuke katika joto lilelile la mwanzo: asilimia 14 hivi. Nje masika inanyesha juu ya bati, na ndani ya bomba ni jangwa. Punje ya unga haijui kama iko Tanga. Inajua hewa inayoigusa tu.

Sasa niombe subira ya msomaji kwa hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hii yote niliyosema yatabaki kuwa hadithi za sweta. Chukua kipande cha bomba la chuma kilichounganishwa huku na huku na mipira ya plastiki, kwa hiyo hakigusi chuma kingine chochote. Ni kitu cha kawaida. Fundi alibadilisha kiungo kilichotoboka akaweka alichokuwa nacho. Kipande kama hicho kina uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi 100 hivi. Tuseme unga unaopita unakiachia chaji kwa kiasi cha maikroampia moja, mkondo mdogo usioweza kuwasha hata taa ya tochi. Kama hakuna njia ya kuvuja, volti za kipande hicho zitapanda 10,000 kila sekunde. Ndani ya muda wa kusema jina lako kiko tayari kurusha cheche kwa chuma chochote kilicho jirani, au kwa kidole. Hewa huvunjika kwenye volti kama 3,000 kwa kila milimita, kwa hiyo volti 10,000 huruka milimita tatu. Nishati ya cheche hiyo ni milijouli 5. Zikifika volti 30,000 ni milijouli 45. Wingu la unga wa ngano huhitaji makumi ya milijouli kuwaka, kutegemea usagaji na ukavu wake. Salfa haihitaji hata moja.

Sasa kipe kipande hicho njia ya kuvuja. Ile mipira ya plastiki ina vumbi la unga juu yake, na siku ya unyevu vumbi hilo hulowa kidogo. Tuseme ukinzani hadi ardhini ni ohmu bilioni moja, kitu ambacho fundi umeme wa nyumba angekiita kihami bila kusita. Maikroampia moja ikipita humo, volti hazizidi 1,000. Cheche, ikitokea, ni sehemu ya ishirini ya milijouli. Unga hauishtukii. Siku ya ukavu ukinzani uleule hupanda mara elfu, na tumerudi kwenye volti 10,000 kwa sekunde.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kiungo ni kibovu siku zote mbili. Kosa la fundi ni lilelile. Siku ya unyevu kuna mlinzi amesimama getini ambaye kampuni haikumwajiri, haimlipi, na haijui yupo. Anafanya kazi yake miezi minane, tisa. Siku anapoondoka haagi. Nami nafikiri hatari kubwa ya unyevu iko hapo: huwalea watu kwenye makosa yao. Mtambo uliofungwa wakati wa mvua, ukajaribiwa wakati wa mvua, ukapata cheti wakati wa mvua, haujajaribiwa kwa lolote tunalolizungumzia hapa.

Mwili wa binadamu nao ni kipande cha bomba kilichotengwa, akiwa amevaa viatu vya soli ya mpira. Huhifadhi pikofaradi 100 hadi 200. Akifika volti 10,000, na kutembea juu ya zulia katika hewa kavu kunaweza kumfikisha huko, anabeba hadi milijouli 10. Ni cheche ya kumfanya aseme neno baya, si ya kuwasha unga wa ngano, lakini kwa mvuke wa petroli, unaohitaji chini ya theluthi moja ya milijouli, ni zaidi ya mara thelathini ya kinachotosha.

Magunia yetu pia yamebadilika bila hesabu hii kufanywa. Gunia la katani au la juti hunywa maji ya hewani. Lina utando wake wa kuvujisha. Kiroba cha plastiki hakinywi. Hapa unyevuanga hukutana na mpaka wake, kwa sababu plastiki kama polipropilini na polietilini huyakataa maji: unaweza kuipandisha hewa hadi asilimia 70 na bado uso wake ukabaki na matobo. Kwa unga wa plastiki yenyewe, ambao viwanda vya ndoo na mabomba hununua kwa tani, kunyunyiza ukungu chumbani ni kazi yenye faida ndogo. Yale magunia makubwa ya tani moja yanayoinuliwa kwa winchi hutengenezwa kwa aina nne, A hadi D, kwa sababu hii hasa. Aina C ina nyuzi zinazopitisha umeme zilizofumwa ndani ya kitambaa, na ina kichupo cha kuunganishwa na waya wa ardhi. Likitumiwa bila waya huo linaweza kuwa baya kuliko gunia la kawaida: nyuzi zote zinakusanya chaji na kuitoa kwa cheche moja nene.

Nisimtie msomaji hofu isiyo na kipimo. Umemetuli si mchokozi wa kwanza kwenye milipuko mingi ya vumbi. Beringi iliyopata moto na fundi anayechomelea karibu na ghala wana kesi nyingi zaidi. Kwenye kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar, Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, Februari 2008, waliuawa watu 14, na wachunguzi walielekeza kidole kwenye beringi iliyopata joto ndani ya mkanda wa kusafirishia sukari uliokuwa umefunikwa. Wala unyevu wa hewa hauufanyi unga uache kuwaka. Tarehe 27 Juni 2015, kwenye bustani ya michezo ya maji ya Formosa Fun Coast huko Taiwan, msimu wa joto lenye unyevu, karibu na bahari, wanga wa mahindi uliotiwa rangi ulirushwa juu ya umati uliokuwa ukicheza muziki. Ukagusa taa za jukwaa zilizokuwa na joto kali. Walikufa watu 15, na karibu 500 walijeruhiwa. Kama kulikuwa na mahali ambapo unyevu ungesaidia, ni pale. Ulichoweza kufanya ni kuvujisha chaji, na taa haikuhitaji chaji.

Basi kwa nini tusilowanishe unga wenyewe? Swali hili nimeulizwa, na jibu lake kwetu lina majina ya wilaya. Mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, na mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sehemu za Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini: wagonjwa 317 waliorodheshwa, 125 wakafa. Tunaukausha unga kwa sababu nzuri sana. Nafaka ikikauka inavyotakiwa imetuponya na ukungu na papo hapo imesogea hatua moja kuelekea Turin. Kumbuka pia kwamba sukari huganda, saruji hugeuka jiwe na faneli huziba. Mwenye kiwanda anatembea juu ya ukuta mwembamba, na ni vizuri ajue kwamba pande zote mbili kuna shimo.

Kuna biashara moja ambayo katika mchezo huu inashangilia timu ya upande wa pili. Tarehe 22 Oktoba 1938, kwenye chumba cha kupanga huko Astoria, New York, mvumbuzi Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa leso gizani hadi likapata chaji, wakalimulika kupitia kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mahali, kisha wakalinyunyizia unga mwepesi wa spora za mmea unaofanana na kuvumwani. Wakapuliza. Unga uliobaki ulisomeka. Fotokopi nyingi zilizopigwa tangu hapo ni unga unaotii chaji: tona, yaani wino wa unga, husuguliwa kwenye vishanga vidogo ndani ya mashine hadi ipate chaji, halafu huruka hadi kwenye sehemu za pipa zinazoivuta, na kutoka hapo hadi kwenye karatasi. Karatasi iliyokunywa hewa ya Dar es Salaam huivujisha chaji kabla tona haijatua vizuri, na nakala hutoka imefifia kama imeoshwa. Mwenye duka la steshenari Kariakoo anayeacha rimu ndani ya ganda lake hadi dakika ya mwisho anafanya fizikia ya Coulomb, hata kama sababu anayokupa ni kwamba karatasi zikipigwa na hewa zinakwamakwama. Na hilo nalo ni kweli.

Tukirudi kwenye kiwanda cha unga, dawa yake ni ya chuma, na ni ya bei nafuu kuliko mashine yoyote ya kunyunyiza ukungu. Kila kipande cha chuma kiunganishwe na jirani yake, na wote waunganishwe na ardhi, ukinzani usizidi ohmu milioni moja. Rudi kwenye hesabu yetu: maikroampia moja kupitia ohmu milioni moja ni volti moja. Moja tu, masika na kiangazi.

Shida huanzia kwenye rangi. Bomba linapofungwa, ncha zake pana zinazokutana hupakwa rangi zisipate kutu, katikati hutiwa gasketi ya mpira, na boliti nazo hupigwa rangi juu kwa juu ili pawe na sura nzuri mgeni akija. Kwa macho ni chuma kwa chuma. Kwa umeme ni vipande viwili visivyojuana. Mafundi wanaojua huweka washa yenye meno chini ya kichwa cha boliti ili iume rangi hadi kwenye chuma, au hufunga kipande cha waya uliosukwa kutoka upande mmoja wa kiungo hadi mwingine, nje, mahali ambapo kila anayepita anaweza kuona kama kimekatika. Kisha hupima kwa mita, kiungo baada ya kiungo, na huichagua siku ya kupima: mchana, kiangazi, mashine ikiwa imefutwa vumbi lote, wakati ambapo yule mlinzi wa getini hayupo.